Tuachiwe muda wa kujibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wengi wanaoandika kuhusu simu na kompyuta hulalamikia uongo wa mitandaoni na watoto wanaokesha wakicheza michezo, nami siwapingi. Linaloniuma mimi ni jingine: tumenyang'anywa ule muda uliokuwepo kati ya kuulizwa na kujibu.

Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi kijana, Neil Papworth, aliiandika kwenye kompyuta kumtakia heri ya Krismasi Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Jarvis hakujibu kwa meseji, kwani simu aliyokuwa nayo haikuweza kutuma. Kimya chake hakikuwa dharau. Novemba 2014 WhatsApp ikaleta tiki mbili za buluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, na kuanzia hapo ukikaa robo saa hujajibu, tayari umempuuza mtu.

Mimi ni mhasibu. Usiku mmoja, saa 3:40, nikiwa naosha vyombo, bosi wangu aliniandikia: "Ile taarifa iko wapi?" Nikafungua, tiki zikageuka buluu. Dakika kumi baadaye zikaja alama mbili za kuuliza, bila neno. Nilijifuta mikono, nikatafuta faili kwenye simu, nikatuma. Nilichotuma kilikuwa jedwali la mwezi uliopita. Likapelekwa mbele hivyo hivyo, na kesho yake watu wanne tulipoteza asubuhi nzima kurekebisha kosa la dakika mbili. Taarifa yenyewe ilikuwa inahitajika saa tano mchana. Ningejibu asubuhi nikiwa mezani kwangu, kosa hilo lisingetokea.

Kwa watoto jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu sisi wakubwa angalau tulikwisha kujifunza kufikiri kabla ya vyombo hivi kuja. Binti yangu ana miaka 12. Alipewa hesabu ya tangi linalojazwa na mabomba mawili, moja hulijaza kwa saa 3, jingine kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja litajaa kwa saa ngapi? Alikwisha kuipiga picha na programu ya akili mnemba ikamwandikia jibu na hatua zote, kwa mpangilio mzuri. Nilipomwomba anieleze hatua ya pili, alinitazama tu.

Nikaweka simu kando, nikamwambia aanze mwenyewe. Akajumlisha 3 na 6, akagawa kwa mbili, akapata saa 4 na nusu. Nilijizuia nisiseme kitu, na haikuwa rahisi. Akafuta, akaandika tena kile kile, akafuta hadi karatasi ikaanza kutoboka. Kisha akanyanyua kichwa: "Mama, haiwezekani. Bomba moja peke yake linatumia saa 3, yakiwa mawili yatachelewaje?" Hapo ndipo alipoanza kuielewa hesabu. Kufika kwenye saa 2 kulimchukua kama dakika ishirini nyingine, na siku hizi anawaeleza wenzake mabomba hayo bila daftari. Ile nusu saa ya kukosea ndiyo iliyomfundisha, na ndiyo ambayo simu ilikuwa imemwondolea kwa nia njema kabisa.

Siombi vyombo hivi vitupwe. Mama yangu anaishi mbali nami na kuandika kunamtaabisha, lakini tangu nimfundishe kutuma ujumbe wa sauti tunazungumza kuliko wakati wowote tangu niolewe. Namtumia leo, yeye husikiliza akimaliza shughuli zake, hunijibu kesho au keshokutwa, na kila nilichouliza hukigusa, hata kile nilichokisahau mwenyewe. Simu yake ni kama ya bosi wangu. Anachojua mama ni kwamba ujumbe unaweza kungoja.

Kuna nchi zilizoliona hili mpaka zikalitungia sheria. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kujitenga na simu na barua pepe za kazi. Ureno ilifuata mwaka 2021, ikawataka waajiri wasiwasumbue wafanyakazi wakati wa mapumziko yao. Lakini si lazima tungojee bunge. Bosi anayekumbuka jambo usiku anaweza kuliandika na kuongeza maneno mawili, "jibu kesho", au akaipangia meseji itoke asubuhi. Uwezo huo upo kwenye barua pepe nyingi.

Walimu nao nawaomba wadai karatasi ya majaribio, ile yenye mafuto na majibu yaliyokatwa, na waipe alama. Mtoto akijua kwamba kukosea kwake kunahesabiwa, hatakuwa na haraka ya kupiga picha swali.

Kwangu nimezizima tiki za buluu tangu mwanzo wa mwezi huu, na nimemweleza bosi kwa mdomo, si kwa meseji, kwamba baada ya saa 2 usiku nitamjibu asubuhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atalifikiria. Namngojea.

Msomaji wako,
Mhasibu na mama