Kabla Hujapanda Ndege ya Ijumaa

Mwanangu Elisha,

Nakuandikia kwa sababu zamu yangu ya usiku na mazoezi yako ya alfajiri hayatupi nafasi ya kuketi mezani pamoja kabla ya Ijumaa, na neno nililo nalo haliwezi kungoja hadi utakaporudi. Ukiwa huko chuoni wanakokutaka ucheze futiboli ya Kimarekani, usikubali kujiunga nao. Tazama, sikiliza, kula chakula chao na ushukuru, kisha urudi nyumbani ukiwa hujamwambia mtu yeyote ndiyo.

Najua watakavyokufanyia. Watakuvalisha jezi wakupige picha, na siku ya mwisho kocha mkuu atakuita ofisini akuambie kwamba mwaka huu wanachukua vijana wanne tu wa mstari wa mbele, kwamba wawili wamekwisha kukubali, na kwamba kuna kijana mwingine anakuja wiki ijayo. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyetupangisha nyumba yetu ya kwanza hapa Cedar Rapids aliniambia vivyo hivyo, kwamba kuna familia nyingine iko njiani, nami nikatia saini palepale. Yaliyotupata baridi ile unayajua.

Siku tuliyokwenda kuwatazama wakifanya mazoezi mwezi Aprili, kocha wa mstari alimtazama mama yako kuanzia miguuni hadi kichwani kabla hajatupa mkono, kisha akauliza wajomba zako wana urefu gani. Mama yako alichukia sana. Mimi nilichukia pia, hadi nilipoelewa anachotafuta. Mkimbiaji huonekana mapema, lakini ninyi watano wa mstari wa mbele, mnaomkinga kwotabeki, yule anayerusha mpira, mnachaguliwa kwa kukisiwa: urefu wa mikono, upana wa kiganja, jinsi kijana anavyochuchumaa bila kupinda mgongo. Kijana wa miaka 17 hana nguvu za kumzuia mtu wa miaka 22, kwa hiyo wengi wenu hukaa mwaka mzima, hata miwili, wakila na kunyanyua vyuma kabla hawajaingia uwanjani. Tyler Linderbaum alifika Chuo Kikuu cha Iowa akiwa mtu wa safu ya ulinzi. Wakamhamishia katikati ya mstari, wakamlea, na mwaka 2022 timu ya kulipwa ya Baltimore ikamchagua katika duru ya kwanza. Kazi ya namna hiyo inataka mwalimu anayekaa. Kirk Ferentz alifundisha mstari katika chuo hichohicho, huko Iowa City, tangu 1981 hadi 1989, akarudi kuwa kocha mkuu mwaka 1999. Huko unakokwenda wewe, kocha wa mstari aliyekuja kukutazama mara ya kwanza si huyu aliyeko leo. Basi unaombwa kungoja miaka miwili kwa neno la mtu ambaye huenda asimalize mmoja.

Tena ni neno la mdomo tu. Karatasi yenyewe ya ufadhili hawaruhusiwi kukupa kabla ya tarehe 1 Agosti, na saini ni Desemba. Katikati hapo hakuna kinachowafunga wao wala wewe. Kadyn Proctor wa sekondari ya Southeast Polk aliwakubalia Iowa, na Desemba 2022 akatia saini na chuo cha Alabama. Januari 2024 akahamia Iowa, na kabla ya kucheza hata mechi moja akarudi Alabama. Simlaumu, alikuwa kijana na kila upande ulimvuta. Lakini nilikulea ukijua kwamba ndiyo ya mtu ni ndiyo, na ndiyo sababu sitaki uitoe mahali ambapo wenzako hawaihesabu.

Waulize mambo haya, na uandike majibu kwenye daftari, si kwenye simu. Tangu makubaliano ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vilivyoyaingia haviruhusiwi kuzidisha wachezaji 105 katika timu ya futiboli. Je, mwaka wa pili wakileta mtu mzima kutoka chuo kingine acheze nafasi yako, wewe utahesabiwa wapi? Goti likiharibika, masomo yatalipwa hadi mwisho au hadi mwaka ule tu? Kuhusu fedha, najua sasa chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, na kwamba mwaka wa kwanza wa malipo hayo kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo kizima. Watakutajia kiasi. Usikitolee jibu.

Mama yako ana swali lake, naye amesema nisilisahau. Jordan McNair alikuwa wa mstari wa mbele kama wewe, chuoni Maryland. Mwishoni mwa Mei 2018 alizidiwa na joto mazoezini, hawakumtumbukiza katika maji ya barafu, na wiki mbili baadaye akafariki akiwa na miaka 19. Uliza beseni la barafu liko wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mazoezi kocha akiwa hataki. Usione haya kuuliza.

Kuhusu uzito, wanataka ufike pauni 310. Sisi tuliokulea kwa mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hatukuwahi kufikiri kwamba mtu atamwomba mwanetu ale zaidi, na nakiri kwamba inanifurahisha kukuona ukishiba. Ila uliacha mieleka kwa ajili ya uzito huo bila kuniuliza, na hapo ulikosea. Tristan Wirfs wa Mount Vernon, hapa jirani, naye mtu wa mstari wa mbele, alishindana mieleka hadi mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Kemia nayo hujairekebisha. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3, na hakuna kocha atakayekuombea hapo.

Siku ile Dubuque, kijana uliyepangiwa kumzuia alipokusukuma mara tatu nawe usiondoke mahali pako, sikusema kitu ndani ya gari kwa sababu sauti haikutoka. Mwaka ule uliokaa bila kucheza, karatasi ya ruhusa ilipobaki juu ya friji, nilikuambia ni kwa ajili ya masomo. Ilikuwa ndefu, tena ya Kiingereza, na mtu aliyewahi kuwa mwalimu huona vigumu kumwomba mtoto wake amsomee. Ndiyo maana karatasi hizi za sasa zije nyumbani. Tutazisoma wewe, mimi na mjomba wako, neno kwa neno, hata ikituchukua usiku mzima.

Hita ya maji imeanza kuvuja tena, kwa hiyo oga Alhamisi jioni kabla sijaifunga. Fedha za bibi yako zimekwenda Jumatatu, amepokea na anakuombea. Dada yako ana miadi ya meno Ijumaa hiyohiyo. Gari litakuwa kwa mama yako, nawe utapelekwa uwanja wa ndege na mjomba. Suruali nyeusi imepanuliwa kiunoni, iko nyuma ya mlango.

Wakikubana, waambie kwamba baba yako amesema hapana hadi Agosti, nao wanichukie mimi. Mapumziko yangu ni saa nane usiku, na simu nitakuwa nayo mfukoni. Nipigie saa hiyo hata kama unaona umechelewa, na unipigie kabla hujawajibu.

Ni mimi baba yako.