Kaka, hiyo pete usiilipie kwanza

Kaka, mzima? Shem hajambo?

Picha za pete nimeziona, inang'aa kweli, ila nimeshtuka uliposema umeamini ni almasi kwa sababu jamaa anayekuuzia kaikwaruza kwenye kioo mbele yako na kioo kikachorika. Hicho sio kipimo kaka. Kioo ni laini, kwenye skeli ya Mohs, ile ya kupimia ugumu wa mawe, kina ugumu kama wa 5 na nusu, hata yale mawe meupe ya kwatsi tuliyokuwa tunaokota utotoni yana 7 na yanachora kioo vilevile, sembuse zirkonia, lile jiwe la kiwandani linalofanana na almasi, lenye 8.

Na hizo habari za jiwe limetoka Mwadui, ni kweli mgodi wa Mwadui kule Shinyanga kuna almasi tangu yule mwanajiolojia Williamson alipoigundua 1940, hata ile ya pinki ya karati 54.5 aliyopewa Princess Elizabeth 1947 ilitoka pale, lakini jiwe halina lafudhi, kila dalali anaweza kuitaja Mwadui.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kile kikalamu cha kupimia alichokuonyesha kikilia. Mimi mwenyewe yalinikuta mwaka juzi, nilimnunulia mama hereni, kikalamu kikalia vizuri tu, kumbe ni moisanaiti, jiwe lingine la kutengenezwa linalofanana na almasi! Kile kikalamu kinapima jiwe linavyopitisha joto, na moisanaiti nayo inapitisha joto sana, kwahiyo kinadanganyika. Baadaye sonara mmoja akanipa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara 10 akaniambia inamisha jiwe kidogo uangalie kwa juu mpaka ndani, nikaona kila mstari wa kule chini uko miwili miwili, kama jicho lenye usingizi. Almasi unaona mmoja tu. Zirkonia nayo inaonyesha mmoja, ila ikishavaliwa muda kingo zake zinalika kama sabuni iliyotumika, za almasi zinabaki kali.

Sasa kuna almasi ya maabara, yaani inayotengenezwa na watu, hiyo ni almasi kabisa ila bei yake iko chini sana, na kwa lupu hatuitambui mimi wala wewe, hapo mwambie alete cheti cha GIA, ile taasisi ya Marekani inayokagua almasi, namba yake mara nyingi imeandikwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ule ukingo unaolizunguka katikati, tuzilinganishe. Akianza kuzungusha maneno ondoka.

Jumamosi naja na basi la asubuhi, lupu ninayo. Usitoe hata advansi kaka, hiyo hela najua ulivyoitafuta.