Taarifa ya mwenyekiti wa tawi, msimu wa 2024/25: nyimbo zetu na wachezaji wetu

Wanasimba wenzangu, wazee wetu, kina mama wa vigelegele na vijana wa ngoma, Nguvu Moja!

Mambo ya ada na mfuko wa rambirambi mweka hazina atawasomea mwenyewe, yamekaa vizuri. Mimi leo nataka tuongelee nyimbo, maana ndo kazi yetu pale jukwaani, na mwaka huu zimetupa raha kweli ila zimetugombanisha pia.

Mnakumbuka tulivoanza. Kiungo wetu Clatous Chama kahamia Jangwani kwa watani wetu Yanga Julai 2024, na sisi wimbo wake tulikua nao tangu Disemba 2018 siku ya Nkana ya Zambia, tumefungwa 2-1 kule kwao Kitwe, hapa uwanja wa Mkapa dakika zinayoyoma, jamaa akaugusa mpira kwa kisigino ikawa 3-1 tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, watu wazima walilia. Sasa mechi yetu ya kwanza bila yeye ngoma ikapiga ule mdundo kwa mazoea, nusu ya jukwaa ikaitikia nusu ikazomea, mpiga ngoma kabaki na kijiti juu hajui ashushe ama aache. Niliumia sana ile siku. Baadae vijana wakaleta matusi wayaweke kwenye mdundo uleule, nikakataa na nakataa mpaka leo, mdundo ule tumeutunga sisi, tukiujaza matusi tunatukana kumbukumbu zetu wenyewe. Na sasa Tshabalala nae kaondoka, kapteni aliekua nasi tangu 2014, kaenda hukohuko. Msimamo ni uleule, wimbo unapumzishwa, mtu hatukanwi.

Wanachama wapya naomba mlielewe hili, kumtungia mchezaji wimbo sio kazi ndogo. Jina lazima likubaliane na ngoma. Okwi lilikua jepesi, makofi mawili basi. Miquissone lilitushinda, ndo maana ilikua Konde Boy tu. Ahoua tulihangaika nae mwezi mzima, kila mtu anatamka la kwake, mpaka mama yetu mmoja wa vigelegele akaivuta ile ya mwisho, a-HUA-aaa, kofi linadondokea kwenye "hua", ikaingia kwenye mdundiko palepale kama ilikua inasubiriwa. Kijana kamaliza mfungaji bora wa ligi na magoli 16, na sisi tumeuimba mpaka sauti zimekauka.

Halafu Al Masry ya Misri, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Aprili 9. Walitupiga 2-0 kwao, tukazirudisha zote kipindi cha kwanza, ikaenda mpaka penalti. Niliomba ngoma zote zinyamaze tumwimbie kipa wetu kwa mdomo tu, "Camara funga mlango, Camara funga mlango", taratibu kama watu walioko kwenye dua. Akapangua, tukapita 4-1, mimi nimemkumbatia mtu simjui hata jina.

Fainali sasa, Mei 25 pale Amaan, Zanzibar. Kwenye boti ngoma kubwa ililowa maji ya bahari ngozi ikalegea, tukaipiga hivohivo. Mutale akafunga mapema, tukaruka, tukapiga kelele, alafu tukatazamana... hatukua na wimbo wake. Tulijiandaa na majina ya wale wanaofunga kila siku tu, huyu tulimsahau, na hili kosa nalibeba mimi kama mwenyekiti. Mechi ikaisha 1-1 na wapinzani wetu Berkane wa Morocco walishatufunga 2-0 kwao, kombe likaondoka. Sisemi wimbo ungeleta goli lingine, ila mtu kafunga kwenye fainali ya Afrika, alistahili kusikia jina lake likiimbwa.

Kwahiyo msimu ujao kila aliesajiliwa awe na mstari wake kabla ya mechi ya kwanza, hata wa benchi, hata kipa wa tatu. Mazoezi Alhamisi jioni, njooni mapema. Ngozi mpya ya ngoma imeshalipiwa.

La mwisho, yule mzee wetu wa mstari wa mbele bado anazikumbuka nyimbo za wale wachezaji wa 1993, waliofika fainali ya Kombe la CAF, anazo kichwani tu hazijaandikwa popote. Nataka vijana wawili waende na simu wakamrekodi. Kaniambia Jumapili asubuhi ndo sauti yake inakua nzuri, nani anaenda?