Kamera bila mtu wa kuchukua hatua haimlindi yeyote

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii mifumo ya ufuatiliaji, maana sa hivi kila pakitokea wizi au fujo jibu la kwanza linalotoka ni "wafunge kamera" na mjadala unaishia hapo. Mimi kufunga kamera ndo kazi inayonilisha kwa hiyo sina sababu ya kuzipiga vita, ila kuna jambo linaniuma na ningependa wasomaji wenzangu walijue kabla hawajatoa hela yao. Kamera haikulindi kama upande wa pili hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia, na akishaona kitu anajua cha kufanya na ana mamlaka ya kukifanya.

Sisi mafundi mara nyingi tunaitwa tukio likishatokea. Mwenye jengo anataka turudishe rekodi nyuma, tunafungua mashine tunakuta hadi diski ilishakufa miezi mingi na hakuna aliyejua, au buibui katanda utando mbele ya lenzi na usiku zile taa za kamera zikiwaka picha yote inakuwa nyeupe tupu, au saa ya mashine ilipotea zamani kwa hiyo hata picha ikipatikana inasema tukio lilitokea mwaka mwingine kabisa na ukiipeleka mbele ya sheria unaanza kuulizwa maswali. Na muda wote huo kamera zilikuwa pale ukutani watu wanapita chini yake wanaamini wanalindwa. Hakuna aliyekagua kwa sababu hakuna kilichotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea kila mtu akaona mfumo unafanya kazi.

Mwanzoni haikuwa hivi. Moja ya mifumo ya kwanza kabisa ya kamera za namna hii ilifungwa na Siemens mwaka 1942 kule Peenemünde, Ujerumani, mhandisi Walter Bruch akiwa kwenye kazi hiyo, ili wataalamu waangalie maroketi ya V-2 yakirushwa bila wao kusogea karibu na hatari. Ile kamera haikuwa na pa kuhifadhi picha, mitambo ya kurekodi video ilikuja kutumika kibiashara miaka ya 50, kwa hiyo ilikuwa lazima mtu akae mbele ya skrini, bila yeye hakuna kitu. Kurekodi kulipokuja tukapata ushahidi, na hiyo ni faida kubwa siikatai, ila pia ndo tukapata kisingizio cha kumuondoa mtu kwenye kiti.

Na hili sio la kwangu peke yangu kulisema. Kuna mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera na uhalifu yalitoka mwaka 2019, yakakuta kwamba sehemu zenye kamera uhalifu ulipungua kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na sehemu zisizo nazo, na faida kubwa zaidi ilionekana kwenye maegesho ya magari. Kwenye matukio ya kupigana na kujeruhiana hawakuona tofauti ya maana. Alafu, hapa ndo pa kusoma mara mbili, mifumo yenye watu wanaoangalia moja kwa moja ilifanya vizuri kuliko ile inayorekodi tu.

Sasa nataka niwatoe kwenye kamera kidogo, kwa sababu ufuatiliaji ni mkubwa kuliko kamera na wanaoujua vizuri zaidi kwa maoni yangu ni watu wa afya. Wao hawana hata lenzi. Chukua polio. Utaratibu wao ni kwamba mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akipooza ghafla viungo vikalegea, hata kama daktari anahisi ni ugonjwa mwingine, anaripotiwa, na ndani ya siku 14 tangu apooze zinachukuliwa sampuli mbili za kinyesi zilizopishana angalau masaa 24 zinapelekwa maabara. Kila mtu kwenye mnyororo huo kuanzia muuguzi wa zahanati anajua anatafuta nini na akikipata anampigia nani. Hilo tu lingetosha kuwasifia, lakini kuna kingine ambacho mimi kama fundi nilipokisoma kilinishika kabisa.

Wale watu wanajua kwamba kuna watoto watakaopooza kwa sababu zisizo za polio, hilo lipo kila mahali kila mwaka. Kwa hiyo wameweka kipimo, kwamba eneo linatakiwa kuripoti angalau mtoto 1 wa aina hiyo kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 15 kwa mwaka. Eneo likikaa mwaka mzima bila kuleta hata mmoja, hawasemi alhamdulillahi huko hakuna ugonjwa, wanasema huko watu hawaangalii, na wanaenda kujua kuna tatizo gani. Yaani wanatumia ukimya wenyewe kupima kama mfumo uko macho! Niambieni ni jengo gani lenye kamera linafanya hivyo. Ni nani anayesimama kila mwezi akasema mfumo wetu haujatuonyesha kitu chochote siku 30, hebu tumpitishe mtu getini usiku tuone kama mlinzi ataamka?

Ndui iliondoka duniani kwa njia hiyo hiyo ya kuangalia na kuchukua hatua. Kuchanja watu kwa wingi peke yake hakukutosha, ikabidi wawe wanamtafuta kila mgonjwa, wanamtenga, wanachanja waliomzunguka, mpaka mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida akapatikana mwaka 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imekwisha. Na juzi juzi tu mwaka 2022 London walikuta virusi vya polio kwenye maji taka kabla hajaonekana mtoto hata mmoja aliyepooza, serikali ikatangaza chanjo ya ziada kwa watoto wa mji huo wa kuanzia mwaka 1 hadi 9. Waliona, wakaamua, wakafanya. Na kumbuka maji taka hayasemi ni ya nani, kwa hiyo hakuna mtu aliyevuliwa faragha yake. Napenda sana mfano huu.

Upande wa pili kuna jambo la kusikitisha. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipopiga chini ya bahari karibu na Sumatra, mitambo ililisikia ndani ya dakika chache, wataalamu kituo cha tsunami cha Pasifiki huko Hawaii walikuwa na taarifa mezani. Macho yalikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha taarifa kwa mvuvi na mama aliyeko ufukweni, Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Mawimbi yalichukua kama masaa 2 kufika Sri Lanka na kama masaa 7 kufika pwani ya Somalia, na huko kote watu walikufa, kwa jumla zaidi ya 220,000. Masaa 7 jamani. Mtu anaweza kutembea kwa miguu akapanda kilimani na familia yake yote ndani ya muda huo. Baadaye mfumo ukajengwa na tangu 2011 India, Indonesia na Australia wanatoa taarifa kwa nchi za bahari hiyo, lakini mimi kila nikisikia mtu anajisifia idadi ya kamera alizofunga nawakumbuka wale watu, maana kipimo ni taarifa imemfikia nani na amefanya nini.

Baharini na angani sitakaa sana. Meli zinazosafiri kimataifa kuanzia tani 300 zinatakiwa kuwa na kifaa kinachotangaza zilipo, ndege nazo vivyo hivyo zina vifaa vyake vya kujibu rada, na vimeokoa wengi. Ila vinategemea aliyeko ndani asivizime. Ndege ya abiria ya Malaysia, MH370, Machi 2014 mawasiliano ya kifaa chake yalikatika ikatoweka kwenye skrini za waongozaji na mpaka leo haijapatikana zaidi ya vipande vilivyookotwa. Mfumo unaomtegemea anayefuatiliwa akubali kufuatiliwa una mwisho wake, na wanaouza mitambo wangekuwa wanalisema hilo waziwazi.

Sasa kuna hatari nyingine ambayo wateja wengi hawataki hata kuisikia, kwamba jicho ulilofunga linaweza kugeuzwa likakuangalia wewe. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa njia rahisi mno, ilikuwa na orodha ya paswedi za kiwandani kama 60 hivi inazijaribu moja moja, kwa sababu watu walifunga kamera wakaacha paswedi iliyokuja nayo. Kamera za walinzi zikatumika kuangusha huduma kubwa za intaneti. Machi 2021 wadukuzi wakaingia kwenye kampuni ya Verkada ya Marekani wakafika kwenye kamera kama 150,000, zikiwemo za ndani ya hospitali, shule na magereza. Fikiria mgonjwa kalala kitandani kwake. Aliyeifunga ile kamera alikuwa na nia njema kabisa, lakini hakuna aliyemuuliza mgonjwa, na hakuna aliyejiuliza ni watu wangapi wana ufunguo wa kuingia.

Na hizi za kutambua sura ndo zinanitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za makampuni makubwa zinazokisia jinsia ya mtu kwa kuangalia uso, wakakuta kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika mpaka asilimia 34.7 wakati kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Miaka miwili baadaye polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata baba mmoja mweusi nyumbani kwake mbele ya watoto wake kwa wizi ambao hakuufanya, kisa kompyuta ilisema sura inafanana. Mashine ilikosea ndiyo, lakini kulikuwa na binadamu kadhaa kati ya mashine na ile pingu na wote waliacha ipite. San Francisco walishaamua tangu 2019 idara zao za jiji zisitumie teknolojia hiyo, na mimi nadhani kwa hali ilivyo walifanya sawa.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa wenye shule, hospitali, masoko na ofisi za umma. Kabla hamjaita fundi kaeni mkubaliane mnatafuta nini hasa, nani atakaa anaangalia na kwa zamu zipi, akiona anampigia nani na huyo anatakiwa afike baada ya muda gani, rekodi zitakaa siku ngapi kabla ya kufutwa na nani anaruhusiwa kuzifungua. Mkishindwa kujibu hayo hela hiyo iongezeeni kwenye taa na mshahara wa mlinzi, mtapata usalama zaidi. Mkiweza kujibu basi yaandikeni mlangoni watu wayasome, kwa cheo cha mhusika sio lazima jina, maana kibao cha "unarekodiwa" peke yake kinamtisha mwema na mwizi keshakizoea.

Na chini ya kibao hicho wekeni tarehe ambayo mfumo ulijaribiwa mara ya mwisho, yaani mtu alipita makusudi, akaonekana, akafuatwa. Iwe ya mwezi huu. Na sisi mafundi tuache kuchukua hela ya mwisho kabla jaribio hilo halijafanyika mbele ya mteja, usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Wenu msomaji,
Fundi wa kamera