Hesabuni watoto wa nguruwe siku wanapoacha kunyonya

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya ufugaji wa nguruwe, ile inayosema jike mmoja anazaa watoto 10 mpaka 14 kwa mpigo na anaweza kuzaa mara 2 kwa mwaka, halafu mwandishi akazidisha hapohapo akapata idadi kubwa ya nguruwe na makala ikaishia hapo. Kuhusu kuzaa sibishani, mimba ya nguruwe ni siku kama 114 yaani miezi 3 wiki 3 na siku 3, kwa hiyo mara 2 kwa mwaka inawezekana kabisa. Kinachoniuma ni kwamba hamna hata sentensi moja kuhusu siku 3 za kwanza baada ya kuzaa, na huko ndo watu wanakolia.

Mimi jike wangu wa kwanza alizaa 12, usiku. Nilifurahi mno, nikawahesabu nikaenda kulala. Siku ya nne asubuhi wamebaki 5. Wanne walilaliwa na mama yao, watatu niliwakuta wamekufa tu bila hata mchubuko. Yule aliyeniuzia akaniambia huyo mama ni mbaya, muuze, na mimi nikamuuza. Mpaka leo nikikumbuka naumia maana yule nguruwe hakuwa na kosa, kosa lilikuwa banda langu lenye baridi na mimi sikujua.

Iko hivi. Mtoto wa nguruwe anatoka tumboni kwenye joto la nyuzi kama 39 akiwa amelowa, hana manyoya ya maana, ana uzito wa kilo moja mpaka moja na nusu, na hana yale mafuta ya kahawia ambayo vichanga vya wanyama wengine wengi wanazaliwa nayo kwa ajili ya kujipasha joto. Siku za kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35. Mama yake anajisikia vizuri kwenye nyuzi 18 mpaka 20 hivi! Yaani banda moja, wanyama wa damu moja, lakini kila mmoja anataka hali yake ya hewa. Sasa mtoto akisikia baridi anaenda wapi? Anaenda kwenye kitu chenye joto kuliko vyote mle ndani, tumbo la mama, anajibana pale, na mama ana kilo 200 au zaidi, akijigeuza au akisimama akajilaza tena basi. Watu wanasema kalaliwa, mimi nasema mara nyingi baridi ndo imempeleka pale.

Na msidhani dawa ni kupasha joto banda zima, hapana, hapo mnamuumiza mama. Nguruwe karibu hatoi jasho kabisa, ndo maana akipata tope anajigaragaza ajipoze, si uchafu kama watu wanavyosema. Akizidiwa na joto anapunguza kula na maziwa yanapungua, watoto wanashinda njaa. Kinachotakiwa ni kona ya watoto peke yao, boksi au sehemu iliyozibwa mama asiweze kuingia, chini maranda makavu, juu taa ya joto, na pembeni ya kuta unafunga bomba au mti imara sentimita 20 mpaka 25 kutoka chini na umbali huohuo kutoka ukutani ili mama akijilaza watoto wapate pa kuchomokea. Kama huna kipimajoto waangalie wenyewe wanavyolala, wakirundikana mmoja juu ya mwingine wana baridi, wakisambaa mbali na taa wamezidiwa, wakilala ubavu kwa ubavu wametulia hapo ni sawa.

Halafu dang'a. Kwa nguruwe kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma, mtoto anazaliwa mtupu kabisa, kinga yote anaipata kwenye yale maziwa ya kwanza na utumbo wake unaipokea kwa saa 24 tu hivi, na zile saa za mwanzo ndo zenye thamani zaidi, baadaye mlango umefungwa hata anyonye vipi. Na nguruwe hana maziwa ya kukaa yanatoka muda wote kama watu wanavyofikiri. Saa za mwanzo mwanzo dang'a inapatikana kirahisi lakini baada ya hapo anayaachia kila baada ya dakika 40 mpaka 60 na yanatoka kwa sekunde kama 20 basi. Kila mtoto anashika chuchu yake na wanapigania sana zile za mbele, aliye mdogo akichelewa anakosa, akikosa anapoa, akipoa hana nguvu ya kunyonya tena. Mimi siku hizi siku ile ya kuzaa nawatoa wale wakubwa walioshiba, nawaweka kwenye boksi lao saa moja hivi, wadogo wanabaki na mama peke yao. Hiki kitu kimeniokolea watoto wengi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

La mwisho ni madini ya chuma. Mtoto anazaliwa na akiba kama miligramu 50, kwa siku anahitaji kama 7, maziwa yanampa 1 tu. Nguruwe wa porini anafukua udongo anapata humo, sisi tumewaweka juu ya sementi halafu tunashangaa wiki ya pili wanapauka na kuhema. Sindano ya miligramu 200 ndani ya siku 3 mpaka 7 za mwanzo, mwambieni daktari wa mifugo awaonyeshe pa kuchoma.

Mzao wangu wa mwisho walizaliwa 11 nikaachisha 10. Yule mmoja alizaliwa mdogo sana, nilimkamulia dang'a nikamnywesha kwa bomba la sindano na akaishi siku 2. Naomba mkirudi tena kwenye nguruwe mtafute wafugaji muwaulize waliachisha wangapi, na muandike na hiyo namba.

Ni mimi mfugaji, msomaji wenu wa kila wiki.