Fedha za viraka zianzie mtaroni

Mhariri,

Adui wa kwanza wa lami ni maji. Ufa usiozibwa huyapitisha hadi kwenye tabaka la kokoto, chini hulainika, na lori zito likipita hapo shimo limezaliwa. Kwa hiyo mitaro na makalvati yazibuliwe kabla ya mvua, si baada. Barabara ya changarawe nayo ipewe mgongo, yaani mteremko kutoka katikati kwenda pembeni, wa asilimia 4 hadi 6. Ikiwa bapa, maji hutuama na greda linapita bure.

Viraka vingi hung'oka kwa sababu ya pupa: lami inamwagwa kwenye shimo lenye tope, inapigwapigwa kwa sepetu, basi. Shimo likatwe pembe nne hadi penye lami nzima, kingo zisimame wima, lisafishwe, likauke, lipakwe lami nyepesi chini na kingoni, kisha lijazwe kwa matabaka ya sentimita 5 hadi 7, kila moja likishindiliwa.

Na mizani ya kupimia malori isichezewe. Madhara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, hivyo ekseli (mhimili wa magurudumu) iliyozidisha uzito kwa asilimia 10 huumiza barabara karibu asilimia 46 zaidi. Faini iliyo ndogo kuliko faida ya safari ni kibali tu.

Msomaji wako,
Mhandisi wa barabara