Mashindano ya mashua za tanga Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni wazazi na manahodha wetu wadogo. Tukutane klabuni saa 1:00 asubuhi, si saa 2:00.

1. Jaketi la kuokolea lifungwe tangu ufukweni. Asiye nalo haingii majini.
2. Kagueni usukani, tanga na kamba Ijumaa.
3. Tutarudia ishara za kuanza: dakika 5, 4, 1, kisha kuondoka. Mara iliyopita watoto wetu kadhaa wa Optimist (mashua ndogo za tanga za watoto) walivuka mstari wa kuanzia mapema wakalazimika kurudi, na iliniuma, maana walikuwa wakiendesha vizuri sana.
4. Wanahitajika wazazi wawili kwenye boti ya uokoaji.

Tafadhali thibitisheni kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku: jina la mtoto na namba ya tanga. Asanteni.